Clement Gillman: Mhandisi wa reli aliyeuliza kwanza maji yako wapi

Wapanda mlima wanaopita njia ya Marangu kwenda kileleni Kilimanjaro huanza safari ya mwisho usiku wa manane. Kunapokaribia kucha, wakiwa hoi, hufika kwenye ukingo wa kreta ya Kibo, zaidi ya mita 5,600 juu ya usawa wa bahari. Hapo hukuta kibao kilichoandikwa Gillman's Point. Wengi hupiga picha, hunywa chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa ya mwongozaji, kisha huendelea kuelekea Uhuru. Ni wachache wanaouliza huyo Gillman alikuwa nani.

Sisi wa huku kusini tuna sababu ya kuuliza. Mtu huyo alikuwa mhandisi wa ujenzi wa reli, na mwaka 1945, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, alichapisha makala kuhusu Uwanda wa Juu wa Makonde na namna wakulima wake wanavyolima na kupumzisha mashamba yao. Katika historia ya uhandisi wa Tanzania, ni wachache waliokaa wakaitazama ardhi yetu kwa makini namna hiyo.

Makala haya ni ya maisha yake. Ni makala pia ya swali ambalo wahandisi wanaokuja Masasi na Newala bado wanapaswa kujiuliza kabla ya kutoa kamba ya kupimia.

Kijana aliyekuja na reli

Clement Gillman alizaliwa Madrid, Hispania, mwaka 1882, katika familia yenye asili ya Kiingereza na ya Kijerumani. Alisomea uhandisi wa ujenzi Zürich, Uswisi, katika chuo cha ufundi kilichokuwa na sifa kubwa Ulaya nzima wakati huo. Mwaka 1905, akiwa bado hajatimiza miaka 23, alishuka melini Dar es Salaam kufanya kazi katika ujenzi wa Reli ya Kati.

Koloni hili lilikuwa chini ya Wajerumani. Kampuni ya Philipp Holzmann ndiyo iliyopewa kazi ya kujenga reli kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro. Mwaka huohuo wa 1905, Vita vya Maji Maji vililipuka katika milima ya Matumbi na kusambaa hadi huku kwetu. Misheni ya Masasi ilichomwa moto, na za Nyangao na Lukuledi hazikupona. Kwa hiyo Gillman aliingia katika nchi iliyokuwa ikijengwa upande mmoja na kuungua upande mwingine.

Reli ilifika Morogoro mwishoni mwa mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Ni njia ya takriban kilomita 1,250. Maelfu ya vibarua wa Kiafrika ndio waliochimba matuta, waliobeba mataruma na waliopasua mawe. Wahandisi walichora na kusimamia, lakini jasho lililoifikisha reli ziwani lilikuwa la watu ambao majina yao hayakuwekwa kwenye kituo chochote.

Kujenga reli katika nchi hii kulimfundisha Gillman somo ambalo halikuwa katika vitabu vya Zürich. Mto wa Ulaya una maji mwaka mzima, na kumbukumbu za mafuriko yake huwa zimeandikwa kwa vizazi. Mto wa Tanganyika unaweza kuwa mchanga mkavu kwa miezi saba, kisha usiku mmoja ukaja na miti, mawe na matope na kuondoka na daraja. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe, ambako reli inafuata bonde la Mkondoa, kimewasumbua wahandisi tangu enzi hizo hadi za watoto wetu. Kila anayekumbuka treni ikisimama kwa wiki kadhaa baada ya mvua anajua tunazungumzia nini. Mhandisi anayetaka daraja lake lidumu lazima ajue mvua inanyesha wapi, udongo wa huko ni wa aina gani, na watu wa juu ya mto wanalima namna gani.

Miaka ya kutembea

Vita vilipokwisha na Tanganyika ikawa chini ya Waingereza, Gillman hakuondoka. Aliingia katika utumishi wa reli chini ya serikali mpya, na baadaye akawa Mhandisi Mkuu wa Reli za Tanganyika. Mwaka 1921 alipanda Kilimanjaro hadi ukingo wa kreta, na sehemu ile ikaja kuitwa kwa jina lake.

Kilichomtofautisha na maofisa wengi wa wakati wake ni miguu na kalamu. Alifanya safari ndefu za upimaji, nyingi kwa miguu, akiwa na wapagazi waliobeba mahema, vyakula na vyombo vyake vya kupimia. Katika miaka ya 1920 alipelekwa kupima njia ambayo reli mpya ingeweza kupita kuelekea kusini-magharibi mwa nchi. Kazi aliyotumwa ilikuwa kutafuta mteremko unaofaa treni. Yeye alirudi na maelezo ya miamba, mimea, mito, mashamba na vijiji.

Alikuwa na hoja rahisi. Reli haijengwi ili ifike mahali tu. Inajengwa ili ibebe kitu na watu, na kama huko inakokwenda hakuna watu, au watu wapo lakini ardhi haiwezi kuzalisha ziada, treni itarudi tupu. Basi kabla ya kupima mteremko, pima nchi yenyewe.

Kuanzia alipofika nchini mwaka 1905 hadi alipofariki mwaka 1946 aliandika shajara. Shajara hizo zimehifadhiwa Oxford, Uingereza, na ni moja ya kumbukumbu ndefu zaidi za mtu mmoja kuhusu Tanganyika ya nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Ramani ya watu

Mwaka 1936 Gillman alichapisha ramani iliyoonyesha watu wa Tanganyika wanaishi wapi. Leo jambo hilo linaonekana la kawaida, maana tuna sensa na picha za setilaiti. Wakati ule lilikuwa jipya kabisa. Idadi ya watu ilikuwa ikitolewa kwa wilaya, kana kwamba watu wamemwagwa sawasawa kama mtama uliomwagwa kwenye mkeka.

Ramani yake ilionyesha kinyume. Sehemu kubwa zaidi ya nusu ya nchi haikuwa na wakazi wa kudumu. Wengi wa watu walikuwa wamekusanyika katika sehemu ndogo: miteremko ya milima yenye mvua, kando ya Ziwa Victoria, na mabonde yenye chemchemi. Katikati palikuwa na mapori makubwa ya miyombo na mbung'o, ambako msafiri alitembea siku nzima bila kuona moshi wa jiko.

Sababu kubwa aliyoiona ilikuwa maji ya kunywa yanayopatikana mwaka mzima. Mvua ya kulimia peke yake haitoshi. Mtu anaweza kulima kwa mvua ya miezi minne, lakini lazima anywe miezi 12.

Haishangazi basi kwamba alipostaafu reli mwaka 1937, serikali haikumwacha apumzike. Ilimteua mshauri wake wa masuala ya maji, na kwa miaka iliyofuata alizunguka tena nchi akiandika taarifa kuhusu visima, mabwawa, chemchemi na hifadhi ya udongo.

Uwanda uliokataa kanuni

Hapa ndipo Newala inapoingia. Ukisimama Newala mjini kwenye ukingo wa Shimo la Mungu, unaona jinsi uwanda unavyokatika ghafla na ardhi kushuka kuelekea bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Uwanda wetu unaanza chini karibu na pwani ya Mtwara na Lindi, ukipanda polepole kuelekea magharibi hadi kukaribia mita 900 upande wa Newala, kisha unaporomoka. Kaskazini yake ni bonde la Lukuledi. Magharibi, chini, ni nchi ya Masasi yenye vilima vya mawe vinavyosimama peke yake kama Mkomaindo.

Mvua ya uwandani si haba. Tatizo ni chini ya miguu. Udongo wa juu ni mchanga mwekundu wenye kina kirefu. Maji ya mvua yanaposhuka hayakai. Yanazama kama yanayopita kwenye kichujio, na yanakuja kutokea chini kabisa, pembezoni mwa uwanda, kwa njia ya chemchemi. Ndiyo maana Ndanda, iliyo chini ya ukingo, ina maji yanayotiririka hata mwezi wa kumi, wakati kijiji kilicho juu yake hakina kisima.

Kwa kanuni ya Gillman, uwanda kama huu ungepaswa kuwa mtupu. Lakini ulikuwa miongoni mwa sehemu zenye watu wengi kusini mwa nchi. Wamakonde waliishi juu na maji yalikuwa chini. Mwanamke wa Newala aliamka kabla ya jogoo, akateremka ukingo na mtungi, akasubiri zamu kwenye chemchemi, kisha akapanda tena mamia ya mita na maji kichwani. Katika kiangazi, safari hiyo moja ilikula nusu ya siku au zaidi. Hata Mjerumani Karl Weule, aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906, alishangazwa na umbali kati ya nyumba na maji.

Kwa nini watu wakae hivyo? Simulizi ya wazee wa Kimakonde inasema wahenga walikatazwa kukaa mabondeni karibu na maji makubwa, kwa sababu huko kuna maradhi na vifo. Ukiitafakari, simulizi hiyo ina elimu ndani yake: bonde lina mbu. Bonde lilikuwa pia njia ya wavamizi na misafara ya watumwa. Juu uwandani, vichaka vilikuwa vizito kiasi kwamba mgeni asiyejua njia hakupita. Vichaka vilikuwa ukuta. Watu walipima, wakaona afadhali kiu kuliko mnyororo.

Shamba linalopumzika

Makala ya Gillman ya mwaka 1945 ilihusu vichaka hivyo. Mgeni anayeviona kwa mara ya kwanza hudhani ni pori la asili lisiloguswa. Kumbe karibu kila kichaka ni shamba la zamani lililo likizo.

Wazee wetu walifyeka eneo, wakachoma masalia, wakapanda mtama, mahindi, muhogo, kunde na mbaazi kwa miaka michache. Udongo wa mchanga ulipoanza kuchoka, waliuacha. Vichaka viliota upya kutoka kwenye visiki, majani yakaanguka na kuoza, kivuli kikaua magugu, na baada ya miaka kadhaa mwenye shamba au mtoto wake alirudi. Maofisa wengi wa kilimo wa kikoloni walikiona kilimo hicho kuwa uvivu au uharibifu. Ukikitazama kwa jicho la mhandisi, ni mashine inayofanya kazi, yenye sharti moja: muda. Miaka ya kupumzika ikipungua, mashine inaharibika.

Na miaka hiyo ilikuwa inapungua, kwa sababu watu waliongezeka, wakiwemo waliovuka Ruvuma kutoka upande wa Wareno. Baadaye ukaja mkorosho, ambao unakaa shambani miongo mingi na hauachi nafasi ya kichaka kurudi. Ukipita leo barabara ya Newala kwenda Tandahimba utaona mikorosho kila upande, na vichaka vya zamani vimebaki vipande vipande. Korosho imetujengea nyumba za bati na kusomesha watoto. Lakini swali la udongo utapumzika lini halijaondoka.

Miaka 41 na wiki tisa

Gillman alifariki mwaka 1946. Mwaka huohuo serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa wataalamu, ukiongozwa na John Wakefield, kuangalia kama karanga zinaweza kulimwa kwa wingi Afrika Mashariki ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita. Ujumbe huo ulizunguka kwa takriban wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, kisha ukapendekeza kufyekwa zaidi ya ekari milioni tatu. Kongwa, Urambo na Nachingwea yetu zikachaguliwa.

Yaliyofuata wazee wanayajua. Matrekta yalivunjika kwenye visiki. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa kama saruji, na mvua haikufika. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na takriban pauni milioni 36 zikawa zimepotea. Mtu aliyeijua nchi kwa miaka 41 ya kuitembea alikuwa kaburini, na ramani yake ya uoto wa Tanganyika ilichapishwa mwaka 1949, karanga zikiwa tayari zimeshindwa.

Huku kusini kilibaki kitu kingine. Kwa ajili ya karanga ilijengwa bandari ya Mtwara na reli hadi Nachingwea. Mwaka 1958 tawi la reli lilifika Masasi. Wapo wazee wa Masasi wanaokumbuka sauti ya treni. Lakini mzigo uliotarajiwa haukuwepo. Mwaka 1962 reli ya kusini ilifungwa, na baadaye reli zenyewe ziling'olewa. Ni kile kile ambacho mhandisi yule alikuwa akikieleza tangu miaka ya 1920: treni itarudi tupu.

Leo tunasikia tena habari za reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay. Tunaitamani, na hatuoni haya kusema hivyo. Ila mtu aliyewahi kuona reli ikifika mlangoni kwake kisha ikang'olewa ana haki ya kuuliza itabeba nini, kutoka wapi, kwa miaka mingapi.

Maji yanapanda mlima

Katika miaka ya 1950, baada ya kifo cha Gillman, ulianza mradi wa maji wa Makonde. Maji yalichukuliwa bondeni, upande wa Kitangari, yakasukumwa kwa mashine hadi juu na kugawiwa kwenye vituo, ambako watu walinunua kwa debe. Kwa wakati wake ulikuwa miongoni mwa miradi mikubwa ya maji vijijini katika Afrika Mashariki. Kwa mwanamke aliyekuwa akiteremka na mtungi, lilikuwa jambo la kusimulia wajukuu.

Lakini kusukuma maji mamia ya mita kwenda juu kunahitaji nishati kila siku, na nishati inahitaji fedha kila siku. Baada ya Uhuru, serikali iliona si haki mwananchi wa kijijini kulipia maji, na mwaka 1971 ikaweka lengo la kila mtu kupata maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani ifikapo mwaka 1991. Finland ilisaidia visima na mabomba katika mikoa yetu ya Mtwara na Lindi. Nia ilikuwa njema. Mashine zilichakaa, mafuta yakakosekana, na bomba likikauka mama alirudi kwenye njia ya zamani. Ndiyo maana hadi leo nyumba nyingi za Newala zina kisima cha saruji uani cha kukingia maji ya mvua kutoka kwenye bati. Mwenye nyumba anaiamini serikali, lakini anaiamini zaidi mvua aliyoifungia mwenyewe.

Ukweli ni kwamba mteremko wa Shimo la Mungu haujabadilika. Vyanzo kama Mitema viko chini, na watu wako juu. Kila mradi mpya unapaswa kuanza na hesabu hiyo: nani atalipa gharama ya kupandisha maji mwaka wa kwanza, na nani mwaka wa 20.

Alichokiona na asichokiona

Hatumsifii Gillman kupita kiasi. Alitumikia serikali mbili za kikoloni, ya Wajerumani kisha ya Waingereza, na hakuna hata moja iliyomwuliza Mmakonde kama anataka kutawaliwa. Sehemu ya ukingo wa kreta imepewa jina lake, wala si la wapagazi waliombebea hema. Aliandika kuhusu wakulima, lakini ramani na taarifa zake ziliandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya ofisi za Dar es Salaam na London. Mkulima wa Kitangari hakuletewa nakala.

Hata hivyo alikuwa na tabia moja ambayo tungependa kila mhandisi anayekuja kwetu awe nayo. Alipofika mahali alianza kwa kuuliza watu wanaishi wapi, maji yako wapi, udongo ni wa namna gani, na kwa nini watu wanafanya wanavyofanya. Alipoona jambo lisilolingana na kanuni yake, kama watu wengi kuishi mahali pasipo na maji, alikaa akatafuta sababu badala ya kuwaita wajinga.

Majibu ya maswali hayo hayako kwenye kompyuta ya ofisini peke yake. Mengi yako kwa bibi wa Mahuta anayejua chemchemi ipi hukauka mwezi wa tisa na ipi haijawahi kukauka tangu azaliwe. Mradi unaoanza kwa kumwuliza bibi huyo unaweza kukosea. Mradi unaoanza bila kumwuliza umeshakosea tayari.